Dubu Aliyekufa kwa Kitabu cha Zamani

Mwezi wa nane mwaka 2023 nilikuwa refa wa mashindano ya kadi kwenye kituo chetu cha vijana hapa Nyarugusu, na niliamua vibaya. Si kwa kupendelea mtu. Niliamua nikiwa na kitabu mkononi, kidole changu kiko juu ya mstari, vijana kama arobaini wamenizunguka wamesimama hadi juu ya mabenchi. Kitabu kilisema kweli. Shida ni kwamba ile kweli ilikuwa ya miaka ya nyuma.

Waliponiomba niandike kitu cha historia kwa toleo hili, wenzangu walidhani nitaandika juu ya Fizi tulikotoka, au juu ya 1996 kambi ilipofunguliwa. Hayo wazee wanayajua kunishinda. Mimi nitaandika historia ya kanuni moja tu ya mchezo mmoja: viumbe wawili wa karatasi wakipigana, nani anampiga nani, saa ngapi, na nani anakufa. Ni historia fupi, miaka thelathini na kitu tu, lakini kuna kijana mmoja imemgusa, na mimi pia.

Kadi zenyewe zilikuja ndani ya boksi. Dada mmoja wa shirika alimaliza mkataba wake, akagawa vitu vyake, sisi tukapata boksi la kadi za mchezo unaoitwa Magic: The Gathering. Kadi mia kadhaa, za miaka tofauti, zingine zimekunjika pembe, zote kwa Kiingereza. Chini kabisa kulikuwa na kijitabu cha kanuni kisicho na jalada. Yeye akaondoka na gari la asubuhi. Hakukuwa na muda wa kutufundisha.

Mwanzoni palikuwa na maneno. Mtu mmoja ofisini aliona picha za mapanga na mashetani, akauliza kama mchezo huu unafaa kwa watoto waliokimbia vita. Swali si baya, mimi mwenyewe nilijiuliza. Mama mmoja naye aliuliza kwa nini mchezo unaitwa uchawi, na huyo alikuwa mgumu zaidi kumjibu. Nilimwambia aje akae aone. Alikaa jioni nzima, akaona watoto wanajumlisha na kutoa, akaondoka anasema ni hesabu hii. Kwa kweli ni hesabu. Watoto wale wale wakiwa nje wanashika vijiti na kupigana risasi za mdomo, na kule hakuna anayehesabu kitu.

Sasa nieleze mchezo kidogo, maana bila hilo hutaelewa kosa langu.

Kila mchezaji anaanza na uhai 20. Akifika 0, amekwisha. Katika fungu lake ana viumbe, na kila kiumbe ameandikiwa namba mbili pembeni chini. Ya kwanza ni nguvu ya kupiga, ya pili ni kiasi cha mapigo anachohimili. Dubu wa kawaida, kadi inayoitwa Grizzly Bears, ni mbili kwa mbili: anapiga 2, na akipigwa 2 anakufa. Akipigwa 1 tu hafi, na zamu ikiisha jeraha linapona lote, kana kwamba hakuguswa.

Jambo la kwanza ambalo watoto wetu walikosea ni kudhani kiumbe anamshambulia kiumbe. Walikuwa wameona katuni ya Yu-Gi-Oh! kwenye kibanda cha video, na kule ndivyo ilivyo: unachagua mnyama wa mwenzako, mnapambanisha namba, tofauti inatolewa kwenye uhai wa aliyeshindwa. Katika Magic sivyo. Wewe unamshambulia mtu, yaani mpinzani wako. Ni yeye anayeamua kama ataweka kiumbe wake mbele akinge. Asipokinga, pigo linamfikia yeye mwenyewe. Akikinga, viumbe wanapigana wao kwa wao na mwenyewe hapati kitu. Kwa hiyo anayeshambulia hachagui adui wa kumuua. Anayelinda ndiye anayechagua nani atoke mbele.

Na wanapopigana, wanapigana kwa wakati mmoja. Dubu kwa dubu, wote wawili wanakufa. Hakuna kusema mimi nilianza. Wapo viumbe wenye pigo la kwanza, ambao wanapiga kabla ya wengine, na aliyekufa kwa pigo hilo harudishi. Hao ni wachache, na wameandikwa wazi. Kwa wengine wote, ni pamoja.

Neno hilo "pamoja" ndilo lenye historia. Maana viumbe wanapiga pamoja, sawa, lakini wachezaji wana kadi mkononi, na wengine wana viumbe wenye uwezo wa kufanya kitu papo hapo. Swali ni hili: kati ya pigo kupangwa na pigo kufika, kuna nafasi ya mtu kuingiza mkono?

Sasa sikia yaliyotokea. Ilikuwa fainali. Zawadi ilikuwa taa ya sola, na kila mtu anayesoma gazeti hili anajua maana ya taa ya sola kwa mwanafunzi wa hapa. Upande mmoja kijana mrefu, upande mwingine mdogo wake kidogo kwa umri, nitamwita wa dubu. Yule mrefu alibaki na uhai 2. Wa dubu akashambulia na dubu wake. Mrefu alikuwa na kiumbe mmoja tu mezani, kijitu chekundu kinachoitwa Mogg Fanatic. Ni moja kwa moja, mnyonge kabisa, lakini kadi yake inasema unaweza kukitoa kafara wakati wowote, kikapiga 1 kwa kiumbe au mchezaji unayemtaka.

Akakinga na Fanatic. Kisha akasema: "Amepiga moja. Na kabla hajakufa namtoa kafara, moja ingine. Moja na moja ni mbili. Dubu amekufa."

Wa dubu akakataa. Akasema mtu hawezi kupiga akiwa ameshakufa, na hawezi kufa mara mbili. Ama Fanatic anapiga na kufa pale pale, ama anajitoa kafara kabla ya kupiga. Vyote viwili haviwezekani. Kaka yake alikuwa ameshaenda Marekani, anacheza huko, na alikuwa amemweleza kwa simu.

"Yaya, uliza kaka yangu," akaniambia.

Kumpigia kaka wa mtu Marekani saa kumi jioni, mtandao wenyewe unajua ulivyo, halafu huyo kaka ni ndugu wa mchezaji! Ingeonekana vibaya. Nikafungua kijitabu. Kiingereza changu ni cha sekondari, lakini nilielewa vizuri. Kiliandika kwamba mapigo ya vita yanawekwa kwanza kwenye rundo, na wachezaji wanaweza kujibu kabla hayajafika. Nikasoma mara mbili. Nikatafsiri kwa sauti. Nikasema dubu amekufa.

Wa dubu hakubisha tena. Alimweka dubu makaburini, ndivyo tunavyoita mahali pa kadi zilizokufa, na baada ya zamu tatu alishindwa. Labda angeshindwa tu. Labda mrefu angeokota kiumbe mwingine wa kukinga. Lakini kama dubu angekuwa hai na mezani hakuna kitu, zamu iliyofuata ingekuwa 2 juu ya uhai 2.

Wiki chache baadaye familia yake iliitwa safari. Walienda.

Nilikuja kujua ukweli miezi kadhaa baada ya hapo, nilipopata nafasi ya kompyuta yenye mtandao kwa siku kadhaa mfululizo katika semina ya wafanyakazi wa vijana. Wengine jioni walikuwa wanatazama mpira. Mimi nilisoma kanuni. Sasa nawaeleza nilichokuta, kuanzia mwanzo.

Mchezo huu ulitungwa na Mmarekani anayeitwa Richard Garfield, mtu wa hisabati, aliyesomea Chuo Kikuu cha Pennsylvania na baadaye kufundisha chuo cha Whitman, jimbo la Washington. Kampuni ndogo ya Wizards of the Coast, ya Peter Adkison, ilikataa kwanza mchezo mwingine aliowapelekea kwa sababu ulikuwa ghali kutengeneza. Wakamwomba kitu chepesi, cha kubeba mfukoni, ambacho watu wanaweza kucheza wakisubiri mambo mengine. (Nilipofika hapo nilicheka. Mchezo wa watu wanaosubiri! Umefika mahali pake.) Kadi za kwanza zilitoka Agosti 1993.

Kanuni za 1993 zilikuwa na wazo zuri na maneno machache. Wazo lilikuwa kwamba kadi inashinda kanuni: kama kitabu kinasema hivi na kadi inasema vile, fuata kadi. Wazo hilo lipo mpaka leo. Lakini maneno machache yalileta ugomvi kila mahali, maana kila kundi la marafiki lilicheza lilivyoelewa. Ni kama drafti hapa kwetu. Kuna wanaosema kingi anaruka mbali, kuna wanaosema anatembea hatua moja, na kila mmoja anakwambia yeye ndiye anacheza ya ukweli.

Katika vita vya wakati ule, mapigo yalipangwa, kisha kulikuwa na muda maalum wa kuzuia mapigo. Ndani ya muda huo mtu aliweza kutumia kadi za kuzuia au kuponya, basi. Huwezi kuongeza pigo lingine, huwezi kuleta ujanja mwingine. Yaani nafasi ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kujiokoa tu. Nimeifikiria sana kanuni hiyo na ninaipenda. Pigo linakuja, mmeliona wote, na ambaye ana bandeji aitoe sasa.

Kulikuwa na mambo mengine ya ajabu. Kiumbe aliyekinga, kama kadi yake imelazwa kwa sababu yoyote, hakupiga. Alipigwa tu. Na mchezaji aliyefika uhai 0 hakufa hapo hapo. Alisubiriwa mpaka hatua ile iishe, na kama katikati alipata kadi ya kumwongezea uhai, aliendelea kucheza. Leo ukifika 0 umekwisha, hakuna kusubiri.

Kadi ziliongezeka kila mwaka, na ile mipangilio ya muda huu na muda ule ikawa kama msitu. Kulikuwa na kadi za haraka, na kadi za haraka kuliko zile za haraka, na kila aina na mlango wake wa kuingilia. Mwaka 1999, na toleo la sita la kadi za msingi, waliamua kufyeka. Wakaleta kitu kimoja cha kutatua yote: rundo.

Rundo ni rahisi kuelewa ukifikiria sahani. Ukiweka sahani, mwenzako akaweka yake juu, nawe ukaweka nyingine juu ya hiyo, wakati wa kuzitoa unaanza na ya juu. Kitu kilichotangazwa mwisho ndicho kinachofanyika kwanza. Mtu akinipiga, mimi nikijibu, jibu langu linafanyika kabla ya pigo lake. Ule muda maalum wa kuzuia mapigo ukafutwa. Kila kitu kupitia rundo, kila mtu na nafasi ya kujibu.

Na kwa kuwa kila kitu kilipitia rundo, wakaamua mapigo ya vita nayo yapitie huko. Hapo ndipo kijitabu chetu kilipotoka.

Angalia matokeo yake. Fanatic anakinga. Mnapanga mapigo: Fanatic 1 kwa dubu, dubu 2 kwa Fanatic. Mapigo yanakaa kwenye rundo, bado hayajafika. Sasa mwenye Fanatic anamtoa kafara, ile 1 ya kafara inakaa juu, inafanyika kwanza, dubu amepata 1. Fanatic ameshakwenda makaburini. Kisha mapigo ya vita yanafika: ile 1 aliyoipanga wakati yuko hai inafika hata kama mwenyewe hayupo tena. Jumla 2. Dubu amekufa. Lile pigo la dubu kwa Fanatic limekosa wa kumpiga.

Yaani marehemu amepiga. Yule mrefu alikuwa sahihi kabisa, kama tungekuwa kati ya 1999 na 2009.

Fanatic hakutungwa kwa ujanja huo. Kadi hiyo ilitoka mara ya kwanza 1997, miaka miwili kabla ya rundo. Kanuni ilibadilika chini ya miguu yake, na kijitu kidogo kikaamka siku moja kimekuwa mtu mkubwa. Kuna kiumbe mwingine, Morphling, wa 1998, ambaye kanuni ya rundo ilimfanya asishikike. Ni tatu kwa tatu, lakini mwenyewe akilipa anaweza kuongeza kupiga na kupunguza kuhimili, au kinyume chake, mara nyingi anavyotaka. Basi kabla ya mapigo kupangwa anajifanya tano kwa moja. Mapigo yakishakaa kwenye rundo, anajigeuza moja kwa tano. Amepiga kama mwenye 5, amehimili kama mwenye 5. Wachezaji walimbatiza jina Superman.

Walioujua mchezo waliupenda sana wakati huo. Ulikuwa wa watu wenye akili ya kukaa kimya na kungojea sekunde moja ile. Lakini fikiria kijana mpya, amekaa mezani mara ya kwanza, anaona kadi imeondolewa, anafurahi, kisha anaambiwa bado inampiga. Ataona anaibiwa. Mwanzo wa fainali yetu wa dubu alikuwa na sura hiyo hiyo, sema yeye hakuwa mpya.

Mwezi wa sita mwaka 2009 Aaron Forsythe na Mark Gottlieb wa Wizards of the Coast walitangaza mabadiliko makubwa, yakaanza kutumika mwezi wa saba na toleo la kadi lililoitwa Magic 2010. Waliondoa mambo kadhaa. Ninalolitaka mimi ni moja: mapigo ya vita yametolewa kwenye rundo. Yanapangwa na kufika hapo hapo, hakuna sekunde katikati. Unaweza kufanya ujanja wako baada ya mwenzako kutangaza wa kukinga, kabla ya mapigo. Unaweza kufanya baada, kama kiumbe wako bado yuko hai. Katikati, mlango umefungwa. Leo hatua hiyo ni kanuni namba 510, katika kitabu cha kanuni chenye zaidi ya kurasa 200, na kila nilipoisoma niliona uso wa yule mtoto.

Ama anapiga na kufa, ama anajitoa kafara kabla. Vyote viwili haviwezekani. Alisema vile vile, kwa Kiswahili chake, bila kitabu.

Nilisoma pia kwamba wachezaji wengi wa zamani walikasirika mwaka ule. Waliona mchezo umefanywa wa kitoto. Ninawaelewa. Mtu amejifunza miaka kumi namna ya kungojea ile sekunde, halafu unamwambia sekunde haipo. Lakini mimi ninayefundisha watoto wa miaka kumi na miwili niko upande wa 2009. Kwetu hapa mtu anahitaji kuona sababu ya kufa kwa kiumbe wake kwa macho yake.

Ila kanuni ile ya 2009 ilikuja na mkia, na mkia huo nao umesumbua. Ni pale kiumbe mmoja anaposhambulia na kukingwa na wawili au watatu. Zamani, mshambuliaji aligawa mapigo yake anavyotaka kati ya waliomkinga. Sasa, kwa kuwa hakuna rundo, waliogopa kwamba mlinzi hatakuwa na namna ya kujua nani anakwenda kupigwa. Wakaweka foleni. Mshambuliaji anawapanga waliomkinga mstari, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu lazima ampe wa kwanza pigo la kumtosha kufa, ndipo aende kwa wa pili.

Nitoe mfano. Kiumbe wa kupiga 5 amekingwa na dubu wawili wa mbili kwa mbili na mtu wa tatu kwa tatu. Anaweka dubu wa kwanza mbele, kisha wa tatu kwa tatu, kisha dubu wa mwisho. 2 kwa wa kwanza, 3 kwa wa pili, zimeisha. Lakini mlinzi ameshaiona foleni. Anatoa kadi ya Giant Growth, ambayo inampa kiumbe nyongeza ya 3 kwa 3 mpaka zamu iishe, na ipo tangu kadi za kwanza za 1993. Anampa dubu wa mbele. Sasa dubu wa mbele anahimili 5. Mshambuliaji amefungwa: hawezi kumruka. Lazima ampe 5 zote, na anaua mmoja tu. Kadi moja ndogo imewaokoa wawili walioko nyuma kwenye foleni.

Watoto wetu walipenda foleni, tena waliielewa haraka kuliko mimi. Foleni tunaijua. Siku ya mgao unajua uko nyuma ya nani, na aliye mbele yako akiwa na shida ya kadi yake, wote nyuma mnasimama.

Foleni ilidumu miaka kumi na mitano. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2024, na toleo linaloitwa Foundations, iliondolewa. Sasa mshambuliaji anagawa mapigo anavyotaka, saa ya kupiga ikifika, bila kumwonyesha mtu mapema. Katika mfano ule, ukimpa dubu mmoja Giant Growth, mshambuliaji anamwacha tu na kuwaua wengine wawili. Kwa upande huo mchezo umerudi kwenye ugawaji wa zamani. Ila rundo halikurudi. Kwa hiyo kanuni ya leo haifanani na ya 1993, wala ya 1999, wala ya 2009. Ni ya nne, na imechukua kipande hapa na kipande pale.

Nilipowaambia watoto foleni imefutwa, walikataa. Siku mbili hawakutaka kucheza kwa kanuni mpya. Mmoja akaniuliza nani amefuta, na kama aliuliza mtu yeyote. Nikamwambia kampuni imefuta, iko Marekani. Akasema sisi tuko hapa. Tukapiga kura, na hadi leo meza ya chini ya mwembe inacheza na foleni na meza za ndani zinacheza bila foleni. Ukija kutazama, uliza kwanza uko meza ipi.

Lakini mashindano yana kanuni moja, nayo ni ya sasa. Nimebandika karatasi juu ya ule ukurasa wa kijitabu. Nimeandika kwa kalamu ya wino: ukurasa huu ulikuwa sahihi hadi mwezi wa saba 2009. Sikuutoa, maana kijitabu ni kile kile tulichopewa na kurasa zingine zinafaa. Nikajifunza pia kuangalia mwaka wa karatasi yoyote kabla ya kuisoma kwa sauti mbele ya watu. Ubaoni kwetu kuna matangazo ya mikutano iliyopita zamani ambayo bado yanaleta watu asubuhi na mapema. Wanafika, wanakuta mlango umefungwa. Nao walisoma vizuri.

Yule mrefu nilimweleza kwanza. Alinyamaza, kisha akasema yeye hakudanganya. Nikamwambia najua, aliyekosea ni refa. Akauliza kama nataka kuchukua taa. Nikamwambia hapana, na ni kweli sikutaka. Alikuwa anasomea hiyo taa, na wadogo zake wawili pia. Kumnyang'anya mtoto taa kwa kanuni ambayo mimi ndiye sikuijua, hiyo ingekuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Wa dubu nilimtafuta kupitia shangazi yake aliyebaki zoni ya jirani. Akanipa namba. Nilituma ujumbe wa sauti, dakika nne, nikaeleza yote: rundo, 1999, 2009, Fanatic, kijitabu. Nikamwambia dubu wako hakufa, mimi ndiye niliyemuua, unisamehe.

Alijibu baada ya siku mbili. Sauti imekuwa nzito, nusu sikuitambua. Alisema kaka yake alimcheka sana walipofika, alimwambia refa wenu anacheza mchezo wa babu. Akasema huko ana madubu kumi na sita, hakuna anayewataka, unaokota bure. Kisha akauliza ile taa iko kwa nani, bado inawaka?

Nilikwenda kuangalia jioni ile ile. Inawaka, ila betri imechoka, saa mbili usiku inazima. Nikamjibu hivyo.